Sauti Inayokatika Baada ya Kupiga Windows Mpya

Kasoro za sauti ni miongoni mwa matatizo yanayojitokeza mapema kompyuta inapopandishwa toleo la mfumo endeshi. Muziki uliokuwa ukipiga vizuri jana huanza kukwaruza. Sauti ya msomaji wa habari hukatika kila baada ya sekunde chache. Wimbo uliorekodiwa wiki iliyopita hufunguka ukiwa umepanda tuni, au spika hunyamaza kabisa ilhali skrini inaonyesha kwamba kila kitu kiko sawa. Mara nyingi kadi ya sauti yenyewe ni nzima. Kilichovurugika ni mapatano kati ya tabaka kadhaa za programu zinazopokezana sauti kwa muda maalumu, na toleo jipya hugusa karibu tabaka zote hizo kwa mkupuo mmoja.

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, ukanda wa dhahabu wa Tanzania, suala hili lina uzito wake. Sehemu kubwa ya kazi za kompyuta zinazoingizia watu kipato huko ni kazi za sauti. Kuna vituo vya redio kama Radio Faraja ya Shinyanga, Gold FM ya Kahama na Storm FM ya Geita. Kuna studio zinazorekodi nyimbo za asili za Kisukuma, kwaya za makanisa katika mkoa ulioitoa Kwaya ya AIC Shinyanga, madijei na washereheshaji wa harusi, vibanda vya kuonyesha filamu zilizotafsiriwa, na vijana wa Katoro, Masumbwe na Nyarugusu wanaowaingizia wateja nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Kompyuta zinazofanya kazi hizo nyingi ni laptop za mtumba, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, toleo lililokuwa sokoni tangu Julai 2015. Kwa sababu hiyo mashine nyingi za umri mkubwa zinapigwa Windows 11 katika kipindi kimoja, na malalamiko ya sauti yanafuata nyuma.

Sauti inavyosafiri ndani ya kompyuta

Sauti ya kidijitali ni mfuatano wa namba, na kila namba ni kipimo cha wimbi la sauti kwa nukta moja ya wakati. Kipimo hicho huitwa sampuli. CD ya muziki hubeba sampuli 44,100 kwa sekunde kwa kila chaneli. Video na vifaa vingi vya kisasa hutumia 48,000. Programu inayopiga muziki haipeleki sampuli moja moja. Huzifunga kwa mafungu na kuyaweka kwenye bafa, yaani hifadhi ndogo ya muda, na kadi ya sauti huchota kutoka humo bila kupumzika. Bafa ni kama pipa lenye bomba lisilofungwa: mjazaji lazima arudi na ndoo nyingine kabla pipa halijakauka. Akichelewa, hata kwa muda mfupi sana, sauti huwa na pengo, na sikio hulisikia pengo hilo kama mlio wa "tik", mkwaruzo au kukatika.

Muda wa kurudi na ndoo ni mfupi. Kwa kawaida injini ya sauti ya Windows huandaa fungu jipya kila milisekunde 10, ambazo kwa kasi ya 48,000 ni sampuli 480. Studio inayomrekodi mwimbaji huhitaji muda mfupi zaidi ili asisikie sauti yake ikichelewa kwenye hedifoni. Bafa ya sampuli 256 humaanisha milisekunde 5 na ushee. Ya sampuli 128 haifiki 3. Kazi nyingine za kawaida za ofisini hazina masharti kama haya. Hati ikichelewa kufunguka kwa milisekunde 50, hakuna anayetambua. Sauti ikichelewa kwa kiasi hicho hicho, kila aliye chumbani anasikia. Ndiyo sababu kompyuta inayoonekana nzima kwa kuandika barua na kufungua intaneti inaweza kushindwa kupiga wimbo mmoja hadi mwisho.

Kati ya programu na spika kuna vituo kadhaa. Programu huikabidhi sauti kwa injini ya sauti ya mfumo endeshi, ambayo huchanganya sauti za programu mbalimbali, huzilinganisha kasi ya sampuli na kuongeza madoido kama kukuza besi. Injini huikabidhi kwa draiva, programu ndogo inayojua lugha ya kifaa husika. Draiva huifikisha kwenye chipu, chipu huzigeuza namba kuwa umeme, na umeme ndio unaotikisa spika. Kwenye laptop nyingi chipu hiyo ni ya kampuni ya Realtek ya Taiwan, na hufuata kanuni za High Definition Audio zilizotolewa na Intel mwaka 2004. Kwa kuwa kanuni ni moja, Microsoft ina draiva ya jumla inayoweza kuamsha karibu kila chipu ya aina hiyo. Lakini draiva ya jumla haizijui spika za laptop fulani, na jambo hili linaeleza sehemu kubwa ya yanayofuata.

Kinachobadilishwa na toleo jipya

Badiliko la kwanza ni la draiva. Wakati wa kupandisha toleo, Windows hupima kama draiva iliyopo inakubalika. Isipokubalika, huondolewa na nafasi yake huchukuliwa na ile ya jumla au nyingine iliyoletwa na Windows Update. Watengenezaji wa laptop huzirekebisha draiva zao ili spika ndogo zisikike nene: HP hutumia jina la Bang & Olufsen kwenye EliteBook nyingi, Dell huweka MaxxAudio ya Waves, na Lenovo huweka Dolby. Draiva ya jumla inapoingia, marekebisho hayo hutoweka. Sauti huwa nyembamba na ya chini, na wakati mwingine jeki ya hedifoni haitambuliwi, hivyo spika za ndani huendelea kupiga hata waya ukiwa umechomekwa.

Badiliko la pili ni la mipangilio. Toleo jipya huweza kubadilisha kifaa kinachopewa kipaumbele, likaanza kupeleka sauti kwenye skrini iliyounganishwa kwa HDMI badala ya mikisa. Huweza kurudisha kasi ya sampuli kutoka 44,100 hadi 48,000, kuwasha madoido yaliyokuwa yamezimwa, na kuzinyima programu ruhusa ya kutumia maikrofoni. Hapa hakuna kilichoharibika. Ni swichi zimegeuzwa bila mwenye mashine kujua.

Badiliko la tatu hufichika zaidi, kwa sababu chanzo chake si draiva ya sauti. Kila kifaa cha kompyuta, iwe Wi-Fi, kadi ya picha au diski, kinapotaka kuhudumiwa humkatiza prosesa kazi aliyonayo. Draiva iliyoandikwa vizuri humwachia haraka. Draiva mbovu humshikilia, na wakati huo hakuna anayeijaza bafa ya sauti. Kwa hiyo draiva mpya ya Wi-Fi iliyokuja na toleo jipya inaweza kuukwaruza muziki, na fundi anayebadilisha draiva ya sauti peke yake atashinda siku nzima bila kufika kwenye chanzo.

La nne ni usalama. Tangu Windows 10 toleo la 1607 la mwaka 2016, mifumo ya biti 64 imekuwa ikidai kwamba draiva mpya zinazoingia kwenye kiini cha mfumo ziwe na saini ya Microsoft. Windows 11 nayo ina ulinzi wa kumbukumbu uitwao Memory integrity, unaowashwa wenyewe kwenye mashine nyingi zinazosakinishwa upya, na ambao huzuia draiva za zamani zisizokidhi masharti yake. Kadi ya nje ya studio iliyonunuliwa miaka kumi iliyopita inaweza kuwa nzima kabisa, lakini draiva yake ikakataliwa mlangoni.

La tano ni kazi za chinichini. Kwa saa au siku kadhaa baada ya kupandishwa, mfumo huorodhesha mafaili upya, hukagua virusi, hupakua masasisho na kuweka sawa programu zake. Kwenye laptop yenye RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, kazi hizo peke yake zinatosha kuikatisha sauti. Tofauti na mengine, tatizo hili hupungua lenyewe muda unavyopita.

La mwisho ni programu za sauti zenyewe. Matoleo ya zamani ya FL Studio, Cubase au VirtualDJ huenda yakategemea vipande visivyokubalika tena. Programu zilizovunjwa leseni ziko hatarini zaidi, kwa kuwa kinga ya virusi ya Windows huweza kuliona faili lililochezewa kuwa hatari na kulifuta kimyakimya. Mradi wa wimbo hufunguka, lakini ala moja haimo.

Funzo la takriban miaka ishirini

Matatizo haya hayakuanza na Windows 11. Windows Vista, iliyofika kwa watumiaji wa kawaida Januari 2007, iliandika upya mfumo wote wa sauti. Kazi ya kuchanganya sauti ilitolewa kwenye kiini cha mfumo ili kosa la draiva lisiiangushe kompyuta nzima. Sababu ilikuwa nzuri, lakini njia iliyokuwa ikitumiwa na kadi za Sound Blaster za Creative kuchakata sauti za michezo ndani ya kadi ilifungwa, na michezo mingi ya zamani ikapoteza madoido yake hadi Creative ilipotoa programu ya kuzunguka kizuizi hicho.

Upande wa Linux ulipitia jambo kama hilo mwaka huo huo. Fedora 8 ya Novemba 2007 iliufanya PulseAudio kuwa mfumo wake wa sauti, na Ubuntu 8.04 ikafuata Aprili 2008. Malalamiko ya sauti kukatika yalikuwa mengi. Sehemu ya sababu ni kwamba PulseAudio ilitumia uwezo wa draiva ambao programu zilizotangulia hazikuugusa, na makosa yaliyokuwa yamelala ndani ya draiva yakaamka. PipeWire iliyokuja kuirithi ilianza kutumika katika Fedora 34 ya Aprili 2021 na Ubuntu 22.10 ya Oktoba 2022. Kwa watumiaji wa Apple, macOS Catalina ya Oktoba 2019 iliacha kabisa kuendesha programu za biti 32, na programu jalizi za studio za aina hiyo zikanyamaza.

Windows za karibuni nazo zina orodha yao ya kasoro za sauti. Oktoba 2018 draiva ya sauti ya Intel isiyostahili ilisambazwa kwa makosa kupitia Windows Update, kompyuta zikanyamaza, na Microsoft ikalazimika kuiondoa. Novemba 2021 kampuni hiyo ilizuia Windows 11 isiingie kwenye baadhi ya kompyuta za Intel kizazi cha 11, kwa sababu matoleo fulani ya draiva ya Intel Smart Sound yalisababisha skrini ya bluu. Desemba 2024 toleo la 24H2 lilizuiwa kwenye kompyuta zenye programu ya kuboresha sauti ya Dirac, ambazo zilikuwa zikipoteza sauti yote baada ya kupandishwa. Januari 2025 sasisho la usalama lilizima baadhi ya vifaa vya sauti vinavyotumia draiva ya USB Audio 1.0, na tatizo likarekebishwa kwa masasisho yaliyofuata.

Matukio haya yanafanana kwa jambo moja. Kosa lilikuwa mpakani, pale draiva ya kampuni moja inapokutana na mfumo wa kampuni nyingine, na tiba ikawa sasisho au kizuizi cha muda. Anayesubiri miezi michache baada ya toleo kutoka hukuta mengi ya makosa hayo yameshatatuliwa kwa mashine zinazotambuliwa rasmi. Mashine zisizotambuliwa rasmi hazina uhakika huo.

Hali ya ukanda wa dhahabu

Laptop nyingi zinazouzwa madukani Kahama, Geita na Shinyanga mjini ni Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad zilizostaafishwa na ofisi za nje. Ni mashine imara, lakini sharti rasmi la Windows 11 ni prosesa ya Intel ya kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017, au zaidi, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Laptop ya mwaka 2013 au 2014 haifiki hapo. Mafundi hutumia programu kama Rufus kutengeneza flashi ya usakinishaji iliyoondolewa ukaguzi huo, na Windows 11 huingia. Inachokosa ni draiva: mtengenezaji aliacha kuandika za modeli hiyo kwenye Windows 8.1 au 10, na Microsoft haitoi ahadi yoyote kwa mashine isiyokidhi masharti. Sauti ndiyo ya kwanza kuonyesha upungufu huo.

Jambo la pili ni namna usakinishaji unavyofanyika. Faili la kusakinisha Windows 11 huzidi GB 5, na kwa anayetegemea bando la simu hiyo ni gharama halisi. Kwa hiyo flashi moja ya fundi huzunguka kwenye mashine nyingi, mara nyingi ikiambatana na mkusanyo wa draiva za kukisia. Mteja akirudi kulalamika kuhusu sauti, mashine hupigwa Windows tena kwa flashi ile ile. Draiva ile ile ya jumla hurudi na kasoro ile ile hurudi nayo. Baada ya hapo hitimisho linalotolewa ni kwamba kadi ya sauti imekufa, na mteja hununua spika au mashine nyingine bila sababu.

La tatu ni joto na vumbi. Shinyanga ni kavu na yenye joto sehemu kubwa ya mwaka, na karibu na makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, kama Rwamgasa na Nyarugusu mkoani Geita, vumbi laini huingia kila mahali. Feni ikiziba, prosesa hupata joto na hujipunguzia kasi ili isiungue. Mashine iliyokuwa ikimudu Windows 10 kwa shida, ikiongezewa mzigo wa Windows 11, huvuka mpaka wa uwezo wake. Toleo jipya hulaumiwa, ilhali nusu ya kosa iko ndani ya feni.

La nne ni umeme. Mota kubwa ya karasha inapowashwa, volti kwenye laini ya jirani hushuka kwa muda na kelele za umeme husambaa. Nyaya za sauti zisizokingwa na chaja zisizo na waya wa ardhi hupokea kelele hizo, na spika hutoa mngurumo wa herzi 50 au mikwaruzo inayofuata mwendo wa mota. Hakuna toleo la Windows linaloweza kuleta au kuondoa mngurumo huo. Chaja nayo ina mchango wake: laptop nyingi za Dell zikishindwa kuitambua chaja isiyo halisi hupunguza kasi ya prosesa na kukataa kuchaji betri. Umeme ukikatika na mashine ikahamia kwenye betri, Windows nayo hubana matumizi. Sauti inayokatika baada tu ya chaja kuchomolewa au kubadilishwa haihitaji fundi wa programu.

Kusoma dalili

Kasoro tofauti husikika tofauti, na sikio lililozoea hupunguza kazi ya utafutaji kwa nusu.

Mngurumo mzito usiobadilika, unaosikika hata wimbo ukiwa umesimamishwa, ni wa umeme. Jaribio lake ni kuchomoa chaja na kuendesha laptop kwa betri. Mngurumo ukitoweka, tiba ni waya wa ardhi, chaja bora au kifaa cha kutenganisha umeme kati ya laptop na mikisa.

Mikwaruzo na "tik" zisizo na mpangilio, zinazozidi programu nyingine zinapofunguliwa, ni dalili ya bafa inayokauka. Chanzo ni prosesa kuzidiwa, joto, au draiva inayoshikilia prosesa. Zikipungua Wi-Fi inapozimwa, draiva ya Wi-Fi ndiyo ya kuchunguzwa kwanza.

Wimbo unaokwenda kasi na kupanda tuni, au kupoa na kushuka, unaonyesha kwamba kasi za sampuli hazilingani. Rekodi ya 44,100 ikipigwa kama 48,000 huongezeka mwendo kwa karibu asilimia 9 na kupanda nusutoni moja na nusu hivi. Kwaya iliyorekodi kwa ufunguo mmoja husikika kana kwamba imeimba kwa mwingine.

Sauti nyembamba, ya chini au ya kibati kwenye spika za ndani ni alama ya draiva ya jumla. Sauti inayofanana na ya simu ya zamani kwenye hedifoni za Bluetooth husababishwa na kifaa kuhamia kwenye hali ya mazungumzo, ambayo hubana ubora ili maikrofoni ifanye kazi pamoja na spika. Hutokea sana kwenye mikutano ya video na hukoma maikrofoni ya kifaa hicho inapoachwa kutumika.

Sauti inayochelewa bila kukatika, mwimbaji akijisikia nyuma ya midundo, huashiria kwamba programu ya studio imeacha kutumia njia ya ASIO, iliyobuniwa na Steinberg kwa ajili ya kupunguza ucheleweshaji, na imerudi kwenye njia ya kawaida ya Windows.

Ukimya mtupu una sababu tatu za kawaida: kifaa kisicho sahihi kimechaguliwa, draiva imekataliwa, au huduma ya sauti haijaanza. Device Manager hutofautisha upesi. Alama ya mshangao wa njano pembeni ya kifaa humaanisha draiva. Kutoonekana kabisa kwa kifaa kunaweza kumaanisha kwamba kimezimwa kwenye BIOS au kweli kimeharibika.

Mpangilio wa tiba

Tiba huanza na isiyogharimu kitu. Kwanza ni kukagua kifaa kilichochaguliwa, kasi ya sampuli, na kuzima madoido yote ya sauti. Pili ni kuiacha mashine ikiwa imewashwa na kuunganishwa kwenye umeme hadi kazi za chinichini ziishe, kisha kuiwasha upya. Tatu ni kuweka mpango wa umeme kwenye utendaji wa juu na kusafisha feni.

Hatua ya nne ni draiva. Draiva ya kwanza kujaribiwa ni ile ya mtengenezaji wa laptop kwa modeli hiyo hiyo, hata ikiwa iliandikwa kwa ajili ya Windows 10, kwa kuwa mara nyingi hufanya kazi kwenye 11. Ikishindikana, ile ya jumla ya Microsoft hujaribiwa kwa makusudi. Inapoteza unene wa sauti lakini mara nyingi ni tulivu, na kwa studio inayotumia spika za nje unene wa spika za ndani hauna maana. Draiva zilizokusanywa na tovuti zisizojulikana huachwa, kwa sababu huleta matatizo na virusi pamoja.

Hatua ya tano ni kutafuta draiva inayoshikilia prosesa. Programu ya LatencyMon hupima na kuitaja kwa jina la faili lake. Faili likiwa la Wi-Fi au la kadi ya picha, draiva hiyo husasishwa au hurudishwa nyuma. Wakati wa kurekodi au wa matangazo ya moja kwa moja, Wi-Fi na Bluetooth huweza kuzimwa kabisa.

Hatua ya sita ni bafa. Kuikuza kutoka sampuli 128 hadi 512 huipa mashine milisekunde zaidi ya 10 kwa kila fungu, na kwa kazi ya kuchanganya wimbo uliokwisha kurekodiwa ucheleweshaji huo hauna madhara. Bafa ndogo hutumika tu mwimbaji anapokuwa mbele ya maikrofoni. FL Studio huja na ASIO yake, na mashine isiyo na kadi ya studio inaweza kutumia ASIO4ALL.

Zikishindikana zote, zinabaki njia mbili. Ya kwanza ni kadi ya sauti ya nje ya USB inayofuata kanuni za jumla, isiyohitaji draiva ya mtengenezaji; huiruka chipu ya ndani pamoja na matatizo yake. Ya pili ni kurudi kwenye toleo la zamani. Windows hutunza toleo lililotangulia kwa siku 10 baada ya kupandishwa, na ndani ya muda huo kurudi ni suala la mibofyo michache bila kupoteza mafaili. Siku hizo zikipita, au ikiwa diski ilifutwa wakati wa kupiga Windows, njia hiyo hufungwa.

Kinga

Kinga iliyo rahisi na inayosahaulika zaidi ni kuhifadhi draiva zinazofanya kazi kabla ya kugusa mfumo. Amri moja ya Windows, dism /online /export-driver /destination:D:\draiva, hunakili kwenye folda hiyo draiva zote zilizoongezwa juu ya zile za Windows. Haihitaji intaneti. Fundi anayeiendesha kabla ya kufuta diski huwa na draiva halisi za mashine ile mkononi, na hana haja ya kukisia wala ya kutumia bando la mteja kuzipakua.

Kinga ya pili ni kununua diski nyingine na kusakinisha toleo jipya juu yake, huku ile ya zamani ikiwekwa pembeni kama ilivyo. Toleo likileta matatizo, diski hubadilishwa na kazi inaendelea. Ya tatu ni wakati: mfumo haupandishwi katikati ya mradi wa albamu, wala siku moja kabla ya harusi au ibada ya kurushwa hewani. Jaribio la kupiga sauti mfululizo kwa saa kadhaa, programu za kawaida zikiwa wazi, hufichua kasoro nyingi kabla hazijasikika kwa wateja. Kituo cha redio kinachopiga muziki saa 24 kinahitaji mashine ya pili isiyosasishwa siku moja na ile ya kwanza.

Kubaki na toleo la zamani nako ni uamuzi halali, ila una gharama yake. Kwa watumiaji wa kawaida, mpango wa nyongeza wa Microsoft unafikisha masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Baada ya hapo matundu mapya ya usalama yanabaki wazi. Mashine ya studio inayorekodi tu inaweza kuvumilia hali hiyo ikitengwa na intaneti, mafaili yakiingizwa kwa flashi iliyokaguliwa kwenye mashine nyingine. Mashine ya kibanda cha kuingiza nyimbo haiwezi, kwa kuwa kila siku huchomekewa memori kadi za watu wengi, na kirusi kimoja huondoka na kila mteja. Kwa mashine kama hiyo, toleo jipya pamoja na kadi ya USB ya bei nafuu ni salama zaidi kuliko toleo la zamani lenye sauti nzuri.

Uwezo wa mashine una ukomo pia. Laptop yenye RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, hata ikipata draiva sahihi, itaendelea kukwaruza chini ya Windows 11. Diski ya SSD na RAM ya GB 8 hubadilisha hali hiyo zaidi ya mpangilio wowote wa programu. Pale ambapo gharama ya vipuri hivyo inakaribia bei ya laptop ya mtumba yenye prosesa ya kizazi cha 8, ni afadhali kununua hiyo ya pili, kwa sababu inakubalika rasmi na ina uwezekano mkubwa zaidi kwamba mtengenezaji wake ametoa draiva za Windows 11.